Aliyoyaomba Mama Nakiru, Nami Nikayameza

Siku yangu ya mwisho ofisini Lodwar nilipewa fomu ya makabidhiano. Ilikuwa na visanduku vya vifaa nilivyorudisha, kazi zilizobaki, na kimoja cha changamoto chenye mistari mitatu. Nimekuwa mkalimani kwa karibu miaka thelathini. Mistari mitatu hainitoshi hata kutaja magari yaliyonikwamia mchangani. Basi fomu nimeitia sahihi tu, na haya ninawaandikia nyinyi mnaobaki, mtakaosimama kati ya mnunuzi wa ng'ambo na watu wetu, kila upande ukiwaangalia mdomo.

Nimechoka, na ni vizuri mjue hivyo mapema ili msitafute humu maneno ya kuwapa moyo. Si miguu iliyochoka. Mkalimani huongea kutwa nzima, halafu jioni anagundua hajasema lake hata moja. Ukifanya hivyo miaka mingi, nyumbani unakuwa mtu wa kuitikia tu. Marehemu mume wangu alizoea kuniuliza kama leo nimeishiwa maneno, nami nilikuwa nimeishiwa kweli.

Nilianza Lokichoggio, enzi zile ndege za misaada ya Sudan zikinguruma kuanzia asubuhi. Nilikuwa na Kiturkana cha nyumbani, Kiswahili cha shule, Kiingereza cha kuogopa na Kiarabu cha Juba cha sokoni. Waliniajiri kwa sababu ya hicho cha mwisho, ambacho nilikijua kwa kiasi cha kununua vitunguu. Mkuu wa wakalimani alikuwa Mzee Lobuin, mtu mwembamba mwenye sauti ya chini, aliyetembea na kigoda chake cha mbao kwapani. Viti vya ofisi hakuvikalia. Alisema kiti cha ofisi kina mwenyewe, na mwenyewe akikuweka juu yake anakuweka upande wake pia.

"Selina, binti yangu," aliniambia siku ya kwanza, "kula kwanza kabla ya mkutano. Njaa inafupisha maneno ya watu. Halafu usikae upande ya meza yenye soda. Na ukitafsiri, sema 'mimi'. Usiseme 'anasema kwamba'. Ukisema 'anasema kwamba', umeshajitoa. Ukisema 'mimi', maneno inakuwa nzito kwa mdomo yako, utajua kama umepunguza."

Mkutano wangu wa kwanza ulikuwa wa meneja mmoja mgeni na wazee waliotaka vijana wao wapate kazi ya kupakua mizigo. Meneja alieleza masharti, kisha akauliza kama kuna maswali. Wazee walinyamaza. Akahesabu kama pumzi tatu, akafunga faili, akashukuru kwa makubaliano, akaenda zake. Wazee walikuwa bado wanakohoa. Kwetu mdogo hatangulii kusema, na mkubwa hakurupuki, kwa hiyo ule ukimya ulikuwa ndio mwanzo wa mkutano. Kesho yake vijana hawakuja kazini na meneja akasema watu hawa hawatimizi ahadi. Mzee Lobuin alimfuata mwenyewe, akamwambia arudi, na safari hii alete chai na asiwe na saa mkononi. Alirudi bila saa, na kazi ikaenda.

Mzee Lobuin alikuwa hivyo. Alimwambia kila mtu kila kitu, hata kile kilichouma, halafu akabaki pale mpaka maumivu yapoe. Mimi nilidhani ni tabia yake tu, kama wengine walivyo wakali. Sikujua kwamba ndiyo kazi yenyewe.

Ndege zilipopungua na Lokichoggio ikapoa, Mzee Lobuin alirudi kwake Kaaleng, na mimi nikachukuliwa na kampuni ya ng'ambo inayonunua vikapu na mikeka ya majani ya mkoma kwa vikundi vya wanawake. Hapo ndipo nilipokutana na fomu ya maadili. Kila mfanyakazi wa kampuni akiombwa kitu na muuzaji, kiwe kidogo namna gani, lazima akiandike na kukipeleka makao makuu. Ukiisoma fomu yenyewe huoni kosa. Imetungwa na watu wanaoogopa rushwa, na rushwa ipo.

Lakini nyinyi mnajua, na wale msio wa hapa someni vizuri, kwamba Mturkana anaomba. Anaomba viatu, tumbaku, kofia uliyovaa, mbuzi uliyemfuga. Haombi kwa sababu hana, na haombi kila mtu. Anakuomba kwa kuwa ameona unafaa kuwa mtu wake. Wewe unamjibu. Unaweza kumpa, unaweza kumnyima ukicheka, unaweza kumwambia hivi viatu ni vya pekee lakini yule mbuzi wake mweusi nimempenda, je, lini nimfuate? Hapo mmeshaanza. Siku ya shida kila mmoja anajua aende kwa nani. Mtu asiyejibu kitu, asiyetoa, asiyekataa wala kuomba naye, huyo ni wa kupita njia tu.

Mwaka wangu wa kwanza na kampuni nilitafsiri kama nilivyofundishwa. Mama mmoja wa kikundi cha upande wa Lokichoggio alimtazama mnunuzi wetu, kijana mpole wa Kizungu, akasema: "Nipe hivyo viatu." Nikasema kwa Kiingereza: nipe hivyo viatu. Kijana akawa mwekundu. Jioni alijaza fomu, na wiki tatu baadaye makao makuu yakakifuta kikundi chote kwenye orodha kwa kudai zawadi. Wanawake thelathini na kitu. Niliwaandikia barua ndefu ya kueleza, wakanijibu kwamba wamepokea maoni yangu. Nilirudi kuwaambia wale akina mama, na yule wa viatu alicheka akidhani natania. Aliposadiki aliniuliza: "Sasa kama hakutaka kutoa, kwa nini hakusema hapana?" Nililia kwenye gari kuanzia pale mpaka Kakuma, na dereva akawa muungwana, akaangalia njia yake.

Hapo ndipo nilipojifunza somo, na nikajifunza kombo. Nilijiambia kuanzia leo ombi halipiti mdomoni mwangu.

Kikundi cha Kalobeyei kilikuja mwaka uliofuata. Kilikuwa cha mchanganyiko, Waturkana wenyeji na wanawake wakimbizi, wengi wao Wakongo, wanasuka chini ya banda moja la mabati. Mwenyekiti alikuwa Mama Nakiru, mama wa makamo mwenye shanga mpaka kidevuni na vidole vigumu vya kazi. Kikapu chake ulikuwa ukikijua hata kikiwa kati ya mia, kwa sababu hakuwahi kuacha pindo legelege. Mnunuzi alikuwa Karin, mwanamke mrefu wa kaskazini ya Ulaya, aliyekuja mara mbili kwa mwaka na daftari, skafu ya kijani na swali moja moja lililonyooka. Niliwapenda wote wawili. Nilitaka wadumu, na nilitaka hivyo kuliko nilivyotaka kazi yangu iwe safi.

Siku ya kwanza, baada ya salamu za ejok na kushikana mikono mzunguko mzima, Mama Nakiru alimtazama Karin shingoni akasema: "Hiyo skafu nipe mimi. Wewe huna ng'ombe wa kumfunga nayo." Akina mama wakacheka. Karin akanigeukia.

"Anasema karibu sana," nikasema. "Amefurahi umefika."

Mnaona nilivyosema. "Anasema." Sikuthubutu kusema "mimi".

Karin akatabasamu, akainamisha kichwa, akaendelea na vipimo vya vikapu. Mama Nakiru akangoja kidogo, kisha naye akaendelea.

Ikawa hivyo kila safari, miaka sita. Aliomba miwani ya jua. Aliomba tumbaku. Safari moja aliomba Karin amlete mume wake wamwone kama analishwa. Safari nyingine hakuomba kitu cha mkononi, alisema: "Mwambie aje kwangu alale siku moja, aone watoto, nimchinjie." Nikasema, anakutakia safari njema. Nilikuwa hodari. Nilichagua maneno ya urefu ule ule ili mtu asishtuke, ingawa mmoja alishtuka. Mama Furaha, mkimbizi wa Kikongo aliyekuwa mweka kumbukumbu wa kikundi na aliyekuwa ameokota Kiturkana cha kutosha, alinivuta pembeni mara moja.

"Dada, huyu mama anasemaka maneno mingi, weye unatoa kidogo tu. Ingine unaweka wapi?"

"Ni salamu tu, Mama Furaha."

"Salamu gani ile inachekesha watu hivi, na ule muzungu hacheki?"

Nilimwambia Kiingereza ni lugha fupi. Akarudi kwenye mkeka wake.

Na upande wa pili nao nilimeza. Karin alikuwa mtu wa kusema moja kwa moja. Alisema: "Mwambie, nikicheleweshewa mzigo bila taarifa napoteza duka. Nikiambiwa mapema ninaweza kusogeza tarehe. Waniambie hata habari mbaya, hasa habari mbaya." Kwa Kiturkana yalisikika kama mtu anayewaapiza kwamba watashindwa. Basi nikamwambia Mama Nakiru kwamba Karin anaamini kazi yao itakuwa nzuri kama siku zote. Mama Nakiru akaitikia kwa adabu. Kila mkutano uliisha vizuri. Kwenye ripoti ya mwaka kampuni iliandika kwamba Kalobeyei ni mfano wa mawasiliano mema, na picha yangu ikawekwa, nimesimama katikati.

Halafu mvua ikakosa, na msimu uliofuata ikakosa tena. Mliokuwepo mnakumbuka. Wafugaji walihamisha mifugo kaskazini, wengine mpaka upande wa Kaikor, na wanawake wengi wa kikundi wakafuata waume na wanyama. Mikoma ya karibu ikaliwa na mbuzi mpaka vikonyo. Waliobaki, Mama Nakiru, Mama Furaha na wengine wachache, walitembea siku nzima kutafuta majani, na wakirudi hawana maji ya kuyalowekea. Oda ya mwaka ule ilikuwa kubwa kuliko zote. Karin alikuwa amepata duka jipya la mji wao mkuu, na duka lilitaka mzigo kamili kwa tarehe moja. Ukifika kamili, kikundi kitapata mkataba wa miaka mitatu. Usipofika, duka litanunua kwingine na kampuni haitakuwa na sababu ya kubaki Kalobeyei. Nyumba nyingi pale zilikuwa zinakula kwa vikapu tu, kwa kuwa mbuzi walikuwa wamekufa na posho ya wakimbizi ilikuwa imepunguzwa.

Mimi nilikuwa Lodwar nikiuguza goti. Nilimpigia simu Mama Nakiru kila wiki, nikauliza vikapu vinaendeleaje, akasema vinaendelea. Nami, mtoto wa Kiturkana, nilijua kwamba "vinaendelea" si habari. Nilijua ni jibu la kumpa mtu wa kupita. Nilijifanya sijui kwa sababu nilikuwa nimechoka na goti linauma, na kwa sababu miaka sita mambo yalikuwa yamekwenda bila mimi kuuliza zaidi.

Tarehe ilipofika vilipatikana vikapu chini ya nusu. Karin alipanda ndege akaja mwenyewe. Tulikaa chini ya lile banda la mabati, saa nne asubuhi na tayari moto. Alikuwa na macho mekundu ya safari, na hakufungua daftari.

"Muulize," alisema, "kwa nini hakuniambia. Wiki nane zilizopita ningeweza kusogeza tarehe. Ningeweza kuleta lori la majani kutoka Turkwel. Lilikuwa jambo la simu moja. Kwa nini hakuna aliyeniambia?"

Nililitafsiri lote, neno kwa neno. Sikuwa na nguvu za kulipamba.

Mama Nakiru alimtazama Karin, si mimi. Alisema taratibu, kama mtu anayeeleza njia.

"Huyu nimemwomba miaka sita. Nilimwomba skafu, hakunipa wala hakuninyima. Nilimwomba miwani, akatabasamu. Nilimwomba mume wake tumwone, nikamwomba aje alale kwangu nimchinjie mbuzi, akainamisha kichwa akaandika urefu wa kikapu. Hajawahi kuniomba hata maji. Mtu kama huyo unampelekea njaa yako? Nilidhani ndivyo walivyo, wananunua na kwenda. Nikasema tutasuka tutakavyoweza, tusimsumbue."

Watu wote walikuwa wamenitazama mdomo. Mama Furaha alikuwa ameacha kusuka.

Ningeweza kusema, anaomba radhi, ukame ulikuwa mbaya. Ulikuwa mbaya kweli, na ingekuwa sentensi ya kweli. Nilikuwa nimeshafungua mdomo niiseme. Lakini kulikuwa na mtu mmoja pale aliyeitwa asiyejibu na wala hakujua kama aliulizwa, na mwingine aliyejiona amedharauliwa miaka sita, na wote wawili walikuwa watu wema. Niliwaonea huruma, na nilijionea aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

Nikasema "mimi". Nilisema yote aliyoyasema Mama Nakiru kwa mimi yake, skafu, miwani, mume, mbuzi. Nilipofika mwisho niliongeza: "Hapa sasa ninaongea mimi Selina. Hayo aliyaomba kila safari. Sikuyatafsiri hata moja. Niliogopa fomu." Kisha nikageuka nikasema hivyo hivyo kwa Kiturkana, nikaongeza na maneno ya Karin niliyokuwa nimewanyima, yale ya kutaka habari mbaya mapema.

Karin hakunikaripia. Ingekuwa nafuu angenikaripia. Alikaa kimya muda mrefu, mrefu hata kwa kipimo chetu, kisha akauliza kwa sauti ndogo kama ule mwaliko wa kulala ulikuwa wa kweli. Nikasema ulikuwa wa kweli. Akaivua skafu, akaishika mikononi, akasema nimwambie Mama Nakiru kwamba alipewa na mama yake mzazi na hawezi kuitoa, na kwamba kama angelisikia ombi siku ile ya kwanza angesema hivyo hivyo, kisha angeomba kufundishwa kusuka pindo. Nikamwambia. Mama Nakiru akacheka kicheko kifupi, akasema, "Basi kumbe alikuwa mtu."

Ndivyo ilivyoisha. Msidhani kicheko kile kiliokoa kitu. Duka lilikuwa limeshanunua kwingine kabla Karin hajapanda ndege. Alipigana na makao makuu miezi miwili, najua kwa sababu alinitumia nakala za barua zake, lakini kampuni iliondoka Kalobeyei. Mimi nilipewa onyo la maandishi lililosema nimeshindwa kuripoti maombi ya zawadi. Hicho ndicho walichokielewa. Mama Furaha sasa anauza mandazi karibu na kituo cha maji. Wengine sijui.

Nyinyi mtaniuliza ningefanya nini, kama ningetafsiri wangefutwa, na nilipoacha kutafsiri wakapotea. Nimelifikiria sana. Nadhani ningefanya kama Mzee Lobuin, niseme lote halafu nibaki pale. Niseme nipe skafu, na kabla mgeni hajawa mwekundu nimweleze mbele ya watu wote kwamba ameitwa rafiki na sasa anangojewa ajibu. Na ile fomu ningekaa nayo chini na Karin tuijaze pamoja, tuandike aliombwa nini na maana yake. Huenda wangekifuta kikundi vilevile. Lakini wangekuwa wamefuta kitu kilichosemwa. Kazi hii itawashawishi kuwapendanisha watu, na mkiweza mtasifiwa, mtapigwa picha. Msikubali. Watu wazima wana haki ya kusikia wanachoombwa na kukataa wenyewe.

Nilipostaafu nilikwenda Kalobeyei kuaga. Goti lilikuwa bado linanisumbua, nikakodi pikipiki, nikabeba sukari na tumbaku. Mama Furaha alinipokea kwa kelele, akaniomba sabuni, akaniomba na pochi yangu, nikamwambia pochi haiondoki ila mandazi yake matatu yanaondoka na mimi. Tulicheka.

Mama Nakiru alitandika mkeka wake mzuri nje ya nyumba. Alinipa chai ya maziwa, akaniuliza habari za Lodwar, za goti, za watoto. Aliipokea sukari na tumbaku akaviweka kando. Tulikaa mpaka kivuli kikahama. Nilikuwa nimevaa shuka jipya, nina saa, nina viatu vya ngozi. Macho yake yalivipitia vyote, wala hakusema neno. Nilingoja. Nikajimiminia chai nyingine, nikangoja tena.

Mwishoni nikaanza mimi. Nyuma yake kulikuwa na kikapu kimoja, kikubwa, pindo limekazwa, ambacho kwa macho yangu kilikuwa cha yeye mwenyewe kuwekea nafaka. Nikasema, "Mama, hicho kikapu nipe mimi."

Nilitaka aninyime. Nilitaka aseme hicho ni cha nafaka yangu, wewe lete hiyo saa kwanza, au lete huyo mwanao aje anichotee maji. Ningempa saa, na viatu ningevivua pale pale.

Mama Nakiru aliinuka, akamimina nafaka yake kwenye gunia, akakikung'uta kikapu vizuri, akanipa kwa mikono miwili, na hakuomba kitu.